Karatasi Tatu

Ukungu umelala Katumba mpaka saa nne.
Zizi silioni, namsikia tu ng'ombe akikohoa,
na mezani, chini ya bakuli la ndizi
zisije zikapeperuka,
zimekaa karatasi tatu.

Ya kwanza ina nembo ya jua lenye meno.
MFUMO KAMILI WA NYUMBANI, inasema,
milioni mbili na laki nne. Basi.
Kamili wa nini? Nimeigeuza: nyuma ni nyeupe.
Betri ya ukubwa gani, paneli za wati ngapi, kimya.
Hata mimi nikiuza maziwa
naandika lita.

Kijana aliyeileta hakushuka kwenye pikipiki.
Aliitazama nyumba kama mtu anayetazama picha,
akasema, mama, paa lako zuri,
jua saa sita kila siku, ondoa shaka.
Saa sita! Rungwe hii?
Huku mwezi wa nne jua ni mgeni
anayepiga hodi na kuaga kabla hujabandika chai.
Nikajua hesabu ile ilipigwa Dodoma
ikaletwa kwetu bila sweta.

Ya pili imetoka Mwanjelwa, kwa bwana wa miwani.
Milioni tatu na nusu, alisema.
Nikanyamaza. Ikawa tatu.
Nikanyamaza tena, wala si kwa ujanja,
mate yalikuwa yamenikauka,
ikawa mbili na laki saba,
ila iwe leo, kabla giza halijaingia,
na nusu nitume kwa simu, na jina litakalotokea
nisilishangae, ni la shemeji yake.
Nikamuuliza, hiyo laki nane
ilikuwa inakaa wapi kabla sijanyamaza?
Akacheka.
Akasema dhamana ni miaka ishirini na mitano.
Na duka lako lina miaka mingapi, baba?
Tulifungua mwezi wa tisa.

Lugano, mdogo wangu wa Kiwira,
alinunua ya leo-leo kama hiyo.
Taa ziliwaka mpaka Pasaka.
Simu ya muuzaji siku hizi inapokewa na mtoto
anayesema baba hayupo, halafu anauliza, niseme nani?
Paneli ameishusha, anaanikia maharage.
Yanakauka vizuri, anasema,
na hatazami mtu usoni.

Ya tatu ilichelewa siku tisa.
Imeandikwa kwa kalamu, mistari inapanda mlima.
Fundi Ambwene alikuja mvua ikinyesha,
akaomba ngazi kabla ya kuomba kiti.
Alikaa juu ya bati muda mrefu,
akashuka na kutu viganjani:
mbao mbili hizi, mama, zibadilishwe kwanza.
Akauliza nani huamka saa kumi.
Akauliza friji ni ya maziwa tu, au na nyama.
Ule mparachichi ni wako, au wa jirani?
Maana saa tisa kivuli chake kitapanda hapa.
Ni wa jirani.
Akaguna, akaandika.

Kaandika kila kitu, mita za nyaya, swichi, mpaka skrubu,
na chini, peke yake, mstari huu:
Masika friji izimwe usiku. Haitaweza.
Neno hilo nimelisoma mara nyingi.
Katika karatasi zote tatu
ni yeye tu aliyeandika haitaweza.

Lakini jumla yake ni milioni tatu, laki tisa na hamsini,
na mume wangu, tangu jana, anaisifia ile yenye nembo.
Nami sitaki kumpenda fundi kwa ajili ya kutu ya mikononi.
Nimerudia yake mstari kwa mstari, kidole juu,
kama ninavyokagua daftari la chama cha maziwa,
na dhamana sikuiona popote.
Kasahau, au kanyamaza kama mimi?

Nimechukua penseli ya mtoto.
Pembeni ya jina lake nimeandika:
Ambwene, betri ikifa,
nani atapanda kilima hiki, na kwa nauli ya nani?
Jibu kwa maandishi.